Chombo Hakirudi Kitupu: Siku Tano za Kimjang Haenam

Siku ya kwanza, Alhamisi. Gwangju

Begi langu ni dogo. Kilichonichukulia muda ni chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kijani, ambacho jana usiku nimekijaza visheti. Nimevikaanga nikitoka maktaba, nikavitia shira, na iliki nimeitwanga mwenyewe, ile niliyoletewa na mwenzangu aliyekwenda likizo Tanga mwezi wa nane. Chombo si changu. Ni cha mama mwenye nyumba ninayopanga, na kesho nakipeleka kwao, kwenye kijiji kimoja cha wilaya ya Haenam, kusini kabisa mwa Korea. Ameniita kwenye kimjang.

Kimjang ni kazi ya kila mwisho wa vuli, hasa Novemba, ambapo familia za Kikorea hutengeneza kimchi ya kula majira yote ya baridi. UNESCO iliiingiza kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2013, na jina lililoandikishwa linataja mambo mawili: kutengeneza kimchi na kugawana kimchi. Hilo la pili ndilo lililoniunganisha na huyu mama.

Nilikuja Gwangju, mji wa kusini magharibi mwa Korea, miaka mitatu iliyopita kwa ufadhili wa serikali ya Korea, mwaka mmoja wa lugha, kisha masomo ya sayansi ya chakula. Bweni lilipojaa nikatoka kutafuta chumba mtaani. Dalali mmoja alinijibu vizuri sana kwenye simu, lakini nilipotokea mlangoni akasema chumba kimeshapata mtu, na tangazo la chumba kilekile likabaki dirishani kwake wiki mbili. Mwingine aliniambia waziwazi kwamba mwenye nyumba hataki mgeni. Nililia kwenye basi siku ile, sifichi. Siku nne baadaye nikafika kwa mama huyu. Hakuniuliza natoka wapi. Aliniuliza, "Bap meogeosseo?" Umekula wali? Nikasema bado, akanikalisha jikoni kwake kabla sijakiona chumba chenyewe.

Majira ya baridi ya kwanza aligonga mlango wangu, amekumbatia chombo hiki cha mfuniko wa kijani, kimejaa kimchi mpya. Nilikula wiki tatu. Kilipokwisha nikakiosha, nikakianika, nikakikodolea macho. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Nikakanda unga, nikachoma mandazi, nikakijaza na kumpelekea. Alifunua, akatazama, akanyamaza. Kisha akaniambia mama yake huko Haenam alimfundisha hivyohivyo, na kwamba siku hizi mjini watu wanarudishiana vyombo vikavu. Tangu hapo chombo hiki hakijapumzika. Kimepanda na kushuka ngazi ile mara nyingi kuliko mimi.

Leo mchana amenipigia simu kutoka kijijini. Ametangulia tangu Jumanne, na amesahau kamba. Si kamba ya kufungia, ni kamba wadogo wa baharini waliovundikwa kwa chumvi, wanaowaita saeujeot, na bila hao kimchi ya huku haisimami. Basi nikaenda soko la Yangdong. Muuzaji akapima kilo mbili, akasawazisha, kisha akachota upawa mwingine akautia juu bila kuutazama mzani. Hiyo wanaiita deom. Kwetu ni nyongeza, ile unayoidai kwa muuza dagaa mpaka akupe. Hapa mara nyingi huhitaji kuidai. Aliposikia nakwenda kimjang Haenam akaniongezea na fungu la vitunguu majani, akasema nisiende mikono mitupu kwa mtu mzima.

Kila nikipita soko lile nakumbuka habari ya Mei 1980, wanajeshi walipowafyatulia risasi watu wa Gwangju waliokuwa wakidai demokrasia. Wanawake wa Yangdong na wa soko la Daein walipika wali, wakaufinyanga matonge, wakawagawia vijana waliokuwa barabarani. Matonge yale yanaitwa jumeokbap, wali wa ngumi. Hawakuwa wanawajua vijana wale kwa majina. Naamini mkono uliochota upawa wa ziada leo umelelewa na mikono ile.

Siku ya pili, Ijumaa. Njiani, na chumvi

Basi la Haenam limetoka kituo kikuu asubuhi. Safari haifiki saa mbili. Bibi aliyekaa pembeni yangu alinitazama kwa muda, akafungua mfuko wake, akaniwekea machungwa madogo matatu mapajani, yale yanayomenyeka kwa kidole. Mimi niliyekulia karibu na machungwa ya Muheza nilimega kipande kimoja, nikamrudishia nusu. Tukala tukitazama mashamba ya kabichi yanavyozidi kuwa mengi kadiri tunavyokwenda kusini. Hatukusema lolote mpaka mwisho.

Kazi ilianza kwenye basi la vijijini. Jina la kituo nililoandikiwa halikuwa kwenye tangazo la dereva. Nikamwonyesha karatasi. Akaisoma kwa sauti, na basi zima likawa kikao: mmoja anasema ni kule penye mti mkubwa, mwingine anasema hapana, huko ni kwa akina fulani, wa tatu anataka kujua nakwenda nyumba ya nani. Nilipotaja kwamba mama mwenye nyumba ana mama yake pale, mwenye mgongo uliopinda, mlango wa bluu, bibi wa siti ya mbele akapiga makofi. Anamjua. Dereva akanishusha mahali ambapo si kituo, mbele kabisa ya njia ya kuingilia, akashuka mwenyewe kunitolea ndoo ya kamba. Nimepanda mabasi mengi maishani, na dereva anayezima injini kwa ajili ya ndoo ya mgeni simpati kila siku.

Halmoni, yaani bibi, ndiye mama huyo, alikuwa uani. Ana miaka 83 na mgongo wake umekunjika kama kisu cha mfukoni, hivi kwamba akisimama anatazama ardhi, na akitaka kukuona uso inabidi ainue kichwa kwa nguvu. Aliinua kichwa. Akanishika mikono yote miwili, akaigeuza, akaitazama viganja, akasema kwa lafudhi ya Jeolla, eneo hili la kusini magharibi, ambayo vitabu vyangu vya lugha havikunifundisha: mikono ya baridi hii, ingia ndani ule. Nikamwamkia kwa kuinama, naye akanisukuma begani kuelekea jikoni. Sakafu za nyumba zao zinapashwa moto kwa chini. Nikaketi, nikala wali, supu ya mwani na samaki. Ndipo kazi ikaanza.

Kabichi zilikuwa 120. Hizi ni kabichi ndefu, zile tunazoziita za Kichina, na Haenam ndiko zinakotoka nyingi za nchi hii. Nikataka kuzikata mbili kwa kisu kirefu, mama mwenye nyumba akanizuia. Kisu kinaingia kwenye kitako tu, kina cha vidole vinne, kisha unakiweka kando na kuipasua kabichi kwa mikono. Ukikata mpaka mwisho, majani madogo ya moyoni yanapukutika na kupotea. Ukipasua kwa mkono, kila jani linakwenda upande wake lenyewe. Inatoa sauti kama ukuni mkavu.

Kisha maji ya chumvi, halafu chumvi yenyewe ya mawe kutoka visiwa vya Sinan, mkono mmoja unafunua jani, mwingine unanyunyizia pale penye shina nene. Halmoni alikuwa amefunga kiunoni kigoda cha sponji, duara, chenye mikanda miwili inayopita mapajani. Akiinama kinamfuata, akikaa kiko tayari. Wakulima wa huku karibu wote wanacho. Alipoona nimechuchumaa kwa nusu saa akaingia stoo, akatoka na kingine kipya cha maua ya zambarau, akanifunga mwenyewe kama anavyomfunga mtoto nepi. Alikuwa ameninunulia sokoni siku moja kabla.

Saa nane usiku tuliamshana kugeuza kabichi, za chini ziende juu, za juu ziende chini, ili chumvi ishike sawasawa. Mama mwenye nyumba alikuwa na homa kidogo, tukamwacha alale. Tulikuwa mimi na halmoni, taa moja ya uani na mvuke wa pumzi zetu. Hapo ndipo aliponieleza habari za marehemu mumewe. Mwishoni mwa miaka ya sabini alikwenda Saudi Arabia kufanya kazi ya ujenzi, kama walivyokwenda Wakorea wengi sana wakati ule. Yeye alibaki hapa na watoto watatu na shamba. Barua zilikuwa zinakuja kila mwezi, na katika barua moja mumewe aliandika kwamba mlinzi wa pale, mtu wa nchi ile, alimwona amekaa peke yake jioni, akamwita, akampa tende na kahawa, na tangu siku hiyo akawa anamwita kila jioni. Halmoni hakuwahi kuona tende. Alimwandikia mumewe amuulize mlinzi yule ana watoto wangapi.

Aligeuza kabichi mbili zaidi. Akasema, "Najua ninyi hamli nguruwe." Halafu akaenda kulala.

Siku ya tatu, Jumamosi. Wekundu

Saa moja asubuhi kipaza sauti cha kijiji kililia. Mwenyekiti wa kijiji, wanamwita ijang, hutangazia mambo yote humo: mbolea imefika, daktari anakuja Jumanne, nani amefiwa. Leo akatangaza kwamba nyumba ya mlango wa bluu inafanya kimjang, wenye nafasi waende, na kwamba yupo mgeni kutoka Tanjania. Hivyo ndivyo wanavyolitamka. Nilikuwa nasuuza kabichi. Halmoni akaniangalia, akatabasamu mpaka macho yakafungika.

Kusuuza ni mara tatu, maji ya bomba ya baridi kali, kisha zinalazwa kifudifudi kwenye matenga zichuruzike. Nyumba nyingine zikaanza kuingia: wanawake saba, mdogo wao ana miaka 60, wote na suruali za maua na vizibao vya sufi. Hawalipwi. Juma lililopita halmoni alikwenda kwao, na juma lijalo atakwenda kwa mwingine. Huo ni ujima, kwetu unajulikana vizuri, hauhitaji tafsiri.

Wa nane aliyeingia alikuwa kijana kuliko wote. Alisema maneno matatu kwa lafudhi nzito ya Jeolla, nikadhani ni mwenyeji, kumbe ni Mvietnamu. Ameolewa hapa miaka 14. Alikaa karibu yangu akawa mwalimu wangu siku nzima. Serikali ilitunga sheria ya kuzisaidia familia kama yake mwaka 2008, na karibu kila wilaya sasa ina kituo cha kufundishia lugha na malezi. Alisoma huko, anakishukuru. Lakini alichonionyesha ni kitu kingine. Alinishika mkono akanizungusha nyuma ya nyumba ya halmoni, kwenye bustani ya mboga. Kati ya msitari wa vitunguu saumu na msitari wa spinachi kulikuwa na msitari mmoja wa kotmiri.

Wakorea wengi hawapendi kotmiri. Halmoni anasema inanuka kunguni. Majira ya baridi ya kwanza ya yule Mvietnamu, alipokuwa mjamzito na hawezi kula chochote, halmoni alimuuliza anatamani nini. Neno hakulijua kwa Kikorea, akalichora kwenye karatasi. Halmoni akapanda basi mpaka mjini Haenam, akauliza duka hadi duka akiwa na karatasi ile, akakosa majani, akapata mbegu. Akapanda. Anapanda kila mwaka tangu hapo, yeye mwenyewe hajawahi kuonja. Nilichuma jani moja, nikalifikicha puani. Nikaiona bamia ya mama yangu.

Tuliporudi, viungo vilikuwa vinachanganywa kwenye beseni ambalo mtoto angeweza kuogelea: pilipili ya unga, vitunguu saumu, tangawizi, uji wa mchele wa kunata, maji ya dagaa waliovundikwa, kamba wangu wa Yangdong, figili iliyokatwa njiti, majani ya haradali, vitunguu majani vya yule mama wa sokoni. Jeolla wanatia samaki waliovundikwa kwa wingi kuliko mikoa ya kaskazini, na ladha yake ni nzito, ya bahari. Halmoni hapimi. Anachovya kidole, anatazama juu, anasema chumvi, anasema bado, anasema sasa.

Kupaka ndiyo kazi yenyewe. Unaishika nusu ya kabichi kwenye mkono wa kushoto, unaanza jani la chini kabisa, unapaka kwenye shina, jani kwa jani mpaka moyoni, kisha unaikunja na kuifunga kwa jani lake la nje, kama unavyomviringisha mtoto kwenye khanga. Kabichi yangu ya kwanza ilikuwa na wekundu mwingi juu na weupe ndani. Mama mmoja aliifunua bila neno, akaipaka upya taratibu mbele yangu ili nione, akanirudishia nimalizie kuikunja mwenyewe. Ya kumi hakuigusa.

Hapa nitasema jambo ambalo lilinichukua miaka mitatu kuliona. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa napimia wema wa watu kwa maneno. Kwetu pwani mgeni hupokewa kwa maneno: karibu, karibu tena, habari za huko, za safari, za nyumbani. Hapa nilikuta watu wananinyamazia na nikadhani hawanitaki. Sasa naona kwamba wengi wao wanakupokea kwa kukupa kitu mkononi. Chungwa, kisu, glovu za mpira, beseni. Mgeni wa heshima anakalishwa mbali na kuhudumiwa. Mtu wa nyumbani anaambiwa shika hapa. Leo asubuhi halmoni alinifokea kwa kumwaga maji vibaya, na sijawahi kufurahia kufokewa kama leo.

Na jina langu limebadilika. Hadi saa nne nilikuwa "Tanjania agassi", binti wa Tanzania. Kufika mchana halmoni akaanza kuniita "uri Tanjania". Uri ni -etu. Mkorea hasemi mama yangu, nyumba yangu, anasema mama yetu, nyumba yetu, hata akiwa ni mmoja tu. Mwalimu wa lugha alitufundisha kama jambo gumu, wanafunzi wenzangu wakashangaa. Mimi sikushangaa. Nani kati yetu husema "nakwenda kwangu Tanga"? Nakwenda kwetu.

Saa saba tukala. Siku ya kimjang desturi ni nyama ya nguruwe ya kuchemsha, inaliwa na kimchi mbichi iliyotoka kupakwa. Sufuria ya nguruwe ilikuwa inachemka uani tangu asubuhi. Ndani, kwenye jiko la gesi, kulikuwa na sufuria nyingine, ndogo, yenye samaki wa kuchemshwa na figili, na pembeni sahani ya chaza. Halmoni akaniita nije nichukue. Sufuria ilikuwa mpya kabisa. Kitako chake kilikuwa bado kina ukingo wa karatasi ya bei ulioungua nusu. Alikuwa amenunua sufuria isiyowahi kupikiwa nguruwe, na kisu kipya, na hakusema. Niliona karatasi tu.

Vijana wawili wa Kikambodia wanaofanya kazi kwenye mashamba ya jirani waliingia na tajiri wao, viatu vikiwa na udongo. Wageni wengi wa mashambani na viwandani huja kwa mpango wa vibali vya kazi ulioanza mwaka 2004. Si wote wanaoangukia mikono mizuri, na hao vijana wenyewe walinisimulia kuhusu mwajiri wao wa kwanza, mkoa mwingine, aliyewalaza kwenye kibanda cha plastiki wakati wa barafu. Hapa wanalala kwenye nyumba yenye sakafu ya moto, na mmoja alikuwa amevaa koti la mtoto wa tajiri anayesoma Seoul. Walikula sahani tatu. Kila walipoweka kijiti chini, mama mmoja aliwaongezea.

Halmoni alichana jani la moyoni la kabichi, akalizungushia chaza, akalileta mpaka mdomoni kwangu na glovu yake nyekundu. "Aaa," akasema. Nikafungua. Pilipili ikanichoma mpaka masikioni. Mara ya mwisho kutiliwa tonge nilikuwa darasa la tatu, na aliyenitilia alikuwa bibi mzaa mama.

Baada ya chakula nikafunua chombo cha visheti. Halmoni alichukua kimoja, akakigeuza kwenye mwanga, akasema hii ni maejakgwa. Kweli, wana kitafunwa chao cha unga na tangawizi, kinakatwa, kinapinduliwa, kinakaangwa na kutiwa shira. Ukiviweka pamoja na visheti utadhani ni watoto wa mama mmoja. Iliki ndiyo hawakuijua. Waliivuta harufu kwa zamu. Chombo kilikwisha kabla ya chai.

Siku ya nne, Jumapili. Ukingo wa nchi

Mikono inawaka. Jana nilivua glovu mara moja tu kufunga mfuniko, na pilipili ikaingia kwenye kucha. Sikulala. Halmoni alinisikia nikigeuka, akaja na bakuli la mafuta ya kupikia, akanisugua kidole kimoja kimoja gizani.

Asubuhi tulizunguka na toroli kugawa kimchi kwa wazee wanaoishi peke yao, nyumba sita. Vijana wamekwenda Gwangju na Seoul, kijiji kimebaki cha wazee. Kisha ukumbi wa wazee, mahali pa joto pa kukutania mchana. Wakaniuliza nina miaka mingapi, nimeolewa, kama bado kwa nini, baba anafanya kazi gani. Zamani maswali hayo yaliniudhi. Ndiyo maswali ya baraza la Chumbageni, kwetu Tanga, basi nikajibu yote. Mzee mmoja kwenye kona hakuuliza kitu wala hakuitikia nilipomwamkia. Nikamwacha.

Mchana mama mwenye nyumba, homa ikiwa imeshuka, alinipeleka Ttangkkeut, maana yake ncha ya ardhi, sehemu ya kusini kabisa ya bara la Korea. Kilima chake ni mita 156 tu. Chini ni bahari, visiwa, na mashamba ya mwani yamejipanga majini kama mistari ya daftari. Kivuko cha Nohwado kilikuwa kinatoka. Nilisimama muda mrefu. Bahari ile na ya kwetu hazifanani rangi.

Tuliporudi tulikuta gunia la viazi vitamu kwenye lango. Halmoni alilitazama fundo la kamba, akajua. Ni mzee yule wa kona. Amelileta kwa mguu, amelitua, ameondoka. Nilitaka kwenda kumshukuru. Halmoni akasema niache, nitamwaibisha, nile viazi.

Siku ya tano, Jumatatu. Kurudi

Nilidhani nitaondoka na begi langu na chombo cha mfuniko wa kijani. Mama mwenye nyumba anabaki mpaka Alhamisi, kwa hiyo chombo chake amekijaza yeye, amenikabidhi. Lakini halmoni naye ametoka stoo na chake, kikubwa, cha kilo kumi, chenye utepe mweupe juu ya mfuniko ulioandikwa kwa kalamu nene: uri Tanjania. Ameniandikia kabla hata mwenyewe sijapaka kabichi ya kwanza. Mama ananiambia utepe ule uliandikwa Jumatano.

Kwenye kituo cha basi, mlango ulipokuwa unafungwa, alinichomekea kitu mfukoni. Noti za won 10,000, tatu, zimekunjwa mpaka ndogo kama hirizi. Nikajaribu kumrudishia kupitia mlangoni. Akanipiga kofi la mkono, akageuka, akaenda na mgongo wake uleule uliokunjika, kigoda cha sponji bado kimefungwa nyuma. Hakutazama tena. Dereva aliniwekea chombo nyuma ya kiti chake kisiteleze kwenye kona.

Nimefika Gwangju saa kumi. Kabla sijavua viatu simu imelia. "Umefika? Umekula?" Nimemwambia nimefika, nakula sasa. Nikapika ugali, nikakata kimchi, nikakaanga samaki. Nikampigia mama yangu Tanga nikamwonyesha kwenye kamera: utepe, mwandiko, wekundu. Akauliza mwandiko unasemaje. Nikamwambia, Tanzania yetu. Alinyamaza kidogo.

"Sasa hicho chombo," akasema, "usije ukakituma kwa posta. Mtu mzima yule. Kipeleke mwenyewe, na usikipeleke kitupu."

Nimempigia mahesabu: chombo kile kwa visheti kinataka unga kilo nne na nusu, na iliki iliyobaki haitoshi. Atanitumia. Nimeshatazama mabasi ya Seollal, mwaka mpya wao. La kwanza kwenda Haenam linatoka mapema, na bado lina nafasi.